Mara Nyingi Si Sababu

Mungu aliyepanga majira alitupa pia akili ya kuona utaratibu. Mzee anayecheza bao chini ya mwembe hapa Tabora hujua kete zake zitaishia shimo lipi kabla hajazigusa. Bila kipawa hiki tusingejua hata siku ya kupanda mahindi. Lakini kipawa hicho hicho hutudanganya, na udanganyifu wake umekwisha kuwagharimu watu uhai. Basi ni lini tuna haki ya kusema, "Nimeona mara nyingi, kwa hiyo ndivyo ilivyo"?

Tujifunze kwanza kwa hisabati. Tuanze na 41. Tukiongeza 2 tunapata 43. Tukiongeza 4 tunapata 47. Kisha 6, tunapata 53. Kisha 8, tunapata 61. Zote ni namba tasa, yaani hazigawanyiki ila kwa 1 na kwa zenyewe. Tukiendelea hivyo, ya kumi ni tasa, ya ishirini ni tasa, hata ya arobaini ni tasa. Nani asingeapa kwamba itakuwa hivyo daima? Lakini inayofuata ni 1,681, nayo ni 41 mara 41. Siku za mwizi ni arobaini.

Sasa tujumlishe namba witiri: 1, 1 na 3 ni 4, ongeza 5, ni 9, ongeza 7, ni 16. Kila jibu ni mraba, na hapa hatutanaswa kamwe. Tupange punje za mahindi kwa umbo la mraba, nasi tutaona kwamba kila witiri inayofuata inatosha kabisa kuzungushia pande mbili na kona yake. Hapa tumeshika sababu. Kule tulikuwa na mifano arobaini bila sababu.

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo kupitia Tabora hadi Ujiji inatukumbusha jambo hilo. Mwaka 1871 David Livingstone na Stanley walipanda mtumbwi kutoka Ujiji wakaone kama mto Rusizi unatoka katika Ziwa Tanganyika kwenda Nile. Wakaukuta unaingia ziwani, na neno likaisha. Lakini kuhusu Lualaba, Livingstone aliendelea kutumaini: unaelekea kaskazini kama Nile, huenda ndio Nile. Alikaa Kwihara, karibu na mji wetu, akaondoka Agosti 1872 kutafuta chemchemi, akafariki mwaka 1873 katika nchi ambayo leo ni Zambia. Mwaka 1877 Stanley aliufuata Lualaba hadi Bahari ya Atlantiki. Ulikuwa Kongo.

Kosa la mto hurekebishwa kwenye ramani. Kosa juu ya mtu ni zito zaidi. Katika mikoa yetu ya magharibi na kanda ya ziwa, akina bibi wameuawa kwa hoja ya namna hiyo hiyo: "Mchawi ana macho mekundu, bibi huyu ana macho mekundu, basi ni mchawi." Macho hayo yameiva kwa moshi wa kuni, kwa miaka mingi ya kuwapikia watoto na wajukuu. Rafiki zake Ayubu nao walisema mwovu huteseka, Ayubu anateseka, basi Ayubu ni mwovu. Mungu aliwakemea.

Wako watakaouliza: imani si kuamini bila kuona? Ndiyo, tunamtumaini Mungu hata pale tusipoona njia. Lakini kumtumaini Mungu hakutupi ruhusa ya kumhukumu jirani bila ushahidi. Watu wa Beroya walisifiwa kwa sababu walimpokea Paulo kwa moyo, kisha kila siku wakachunguza kama aliyosema ni kweli. Hawakuona uchunguzi kuwa uasi.

Kwa hiyo mtoto anapougua na minong'ono inapoanza kijijini, tumpeleke zahanati, na anayetaja jina la bibi wa jirani tumwulize bila haya: sababu iko wapi? Akijibu tu kwamba imetokea mara nyingi, tukatae kuibeba habari hiyo, kisha twende tukakae na yule bibi, mlango wake wazi, watu wakituona.