Sura Zisizopaswa Kupotea

 

Februari 1942, Singapore iliangukia mikononi mwa Wajapani. Miongoni mwa wanajeshi wa Uingereza waliotekwa alikuwamo kijana mmoja mpenda kuchora, Ronald Searle. Baadaye alipelekwa na wenzake msituni, kujenga reli ya kuunganisha Siam (Thailand ya leo) na Burma (Myanmar ya leo). Njaa, malaria na kipindupindu viliwapukutisha. Searle akawachora: mashavu yaliyobonyea, mbavu za kuhesabika, macho ya mtu anayekata roho. Michoro hiyo aliificha chini ya magodoro ya wagonjwa wa kipindupindu, kwa kuwa walinzi waliogopa kuwasogelea. Angegunduliwa, angeweza kuuawa.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, alirudi nyumbani na michoro takriban 300. Miaka mingi baadaye, akiwa mchoraji mashuhuri, aliikabidhi kwa makumbusho ya vita mjini London, ili wenzake waonekane na kila mtu.

Msikilizaji, mwaka 1944 babu zetu wa King's African Rifles (KAR), jeshi la kikoloni la Uingereza Afrika Mashariki, nao walipigana huko huko Burma. Sura zao ziko wapi? Huenda ipo picha moja sandukuni kwenu, pembe zake zimeshaliwa na mende. Itoe leo. Muulize bibi jina la kila aliyesimama pale, uliandike nyuma kwa penseli, kisha uipelekee makumbusho nakala yake. Mali bila daftari huisha bila habari, na mashujaa vilevile. Tusikubali wafe mara ya pili.