Jumatano: Ng'ombe wa Rafiki

Soma 1 Samweli 18:1-4, 20:12-17, 23:16-18. Yonathani na Daudi walifanya agano zaidi ya mara moja. Kila mara hali ya Daudi ilikuwaje?

Wafugaji wa Kigogo wana desturi ya siku nyingi. Mvua ya Dodoma ni haba, mara nyingi chini ya milimita 600 kwa mwaka, tena huchagua: kijiji hiki hupata, cha jirani hukosa. Kwa hiyo mwenye mifugo hakuweka ng'ombe wake wote katika zizi moja. Alimkabidhi rafiki wa mbali mmoja au wawili. Rafiki alikunywa maziwa na kutia samadi katika shamba lake la mtama au uwele, bali ng'ombe na ndama walibaki mali ya mwenyewe.

Hapakuwa na karatasi. Ng'ombe akifa, mtunzaji alimpelekea mwenyewe habari, naye ilimbidi kulipokea neno la mtu aliyekuwa mbali na macho yake. Ni wazi kwamba mtu hakabidhiwi ng'ombe kumi siku ya kwanza.

Njaa kuu ya mwaka 1918 hadi 1920, ambayo Wagogo waliiita Mtunya, ilikuja baada ya majeshi ya Wajerumani na Waingereza kuchukua nafaka, mifugo na vijana wa kubeba mizigo. Wengi walikufa, wengine walihama. Urafiki haukuweza kuwarudisha ng'ombe waliokwisha kuchukuliwa, lakini mwenye rafiki katika nchi nyingine alikuwa na mlango wa kubisha.

Soma Luka 16:10-12. Kwa nini Yesu anataja uaminifu katika mali ya mtu mwingine?

Anayekunywa maziwa ya ng'ombe asiye wake anaelewa swali hilo haraka kuliko wengi.

Sasa mrudie Yonathani. Agano la kwanza lilifanywa Daudi akiwa shujaa anayependwa, na hapo Yonathani alitoa vazi na silaha zake. La pili lilifanywa Sauli akitaka kumwua Daudi. Mara ya tatu Daudi alikuwa mkimbizi katika jangwa la Zifu, naye mwana wa mfalme akamwendea mwenyewe ili kumtia nguvu katika Mungu. Wahubiri hupenda lile vazi; safari ya Zifu ilikuwa na gharama kubwa zaidi. Maandiko hayaelezi kwamba walionana tena.

Soma 2 Samweli 4:4 na 9:1-13. Ni nani angemdai Daudi ahadi yake?

Hakuna. Yonathani alikuwa amekufa. Mefiboshethi alikuwa na miaka mitano siku habari ya kifo hicho ilipofika. Alipoitwa kutoka Lo-debari alikuwa na mtoto wake mwenyewe, Mika. Msomaji anaweza kuuliza Daudi alikuwa wapi miaka yote hiyo, na Biblia haijibu. Hata hivyo ni Daudi aliyeuliza kwanza kama amesalia mtu wa nyumba ya Sauli.

Kisha soma 2 Samweli 16:1-4 na 19:24-30. Siba anakuja na punda, mikate na divai, na habari mbaya juu ya bwana wake. Daudi anamwamini papo hapo na kumpa mali yote, bila kumsikia Mefiboshethi. Baadaye anapomwona hajanawa miguu wala kufua nguo tangu mfalme aondoke, anaamua tu shamba ligawanywe. Kilichojengwa kwa miaka kilitikiswa na mazungumzo mafupi njiani.

Tangu Serikali ilipoanza kuhamia Dodoma kwa wingi mwaka 2016, makanisa ya mji huu yamepokea washiriki wengi ambao hawana mtu anayewajua tangu utoto. Wengine huombwa kumdhamini ndugu katika mkopo kabla hawajafika hata nyumbani kwake. Kusita katika jambo hilo si ukosefu wa upendo. Mgeni anaweza kwanza kukaribishwa chakula cha Sabato, na kukabidhiwa kazi ndogo, na kungojewa.

Jadilini darasani: Soma 2 Samweli 21:7. Daudi aliyeyumba mbele ya Siba alishikwa na nini safari hii?