Mdhamini Ambaye Hakutia Sahihi

Novemba 2022 serikali ya Kenya ilizindua mkopo wa simu uitwao Hustler Fund, na ndani yake ikaweka jibu la swali ambalo watu wa kwetu wamelibishania miaka mingi: kati ya kulipa madeni ya nyumba na kuuwekea uzee akiba, kipi kitangulie? Ukikopa 1,000, mkononi unapata 950. Ile 50 inakatwa palepale: 35 ya kustaafu, 15 ya akiba ya muda mfupi. Deni lako linabaki 1,000 kamili, na riba ya 8% kwa mwaka juu yake.

Hapa Makutano, mjini Meru, jambo hilo lilichekwa sana. Kijana amekopa 500 aweke mafuta kwa bodaboda, ati 17.50 imetangulia kumngojea uzeeni. Mimi pia nilicheka. Lakini kuna hoja pale, na si ya kijinga: kila unapokopa leo, mzee utakayekuwa kesho lazima atengewe chake, hata kama ni sarafu. Hoja hiyo inagongana moja kwa moja na tuliyolelewa nayo, kwamba dawa ya deni ni kulipa. Halafu tukalelewa pia na ile ya akiba haiozi, na hakuna aliyetuambia tufanye nini siku hizo mbili zinapogombania shilingi moja.

Niondoe kwanza sehemu rahisi. Yako madeni yasiyohitaji falsafa. M-Shwari, iliyoanza 2012, ilitoza 7.5% kwa mkopo wa siku 30. Kopa, lipa, kopa tena mwaka mzima, na utakuwa umelipa karibu 90% ya ulichokopa. Hakuna akiba ya uzee inayozaa hivyo. Anayedaiwa na programu tatu za simu huku akituma pesa za pensheni kila wiki anachota maji kwa kikapu. Amalize hayo madeni kwanza, basi.

Deni linalokaa ndani ya nyumba nyingi za Embu na Meru ni la aina nyingine. Ni la sacco. Unaweka akiba mwezi baada ya mwezi, na akiba hiyo huitoi ukiwa bado mwanachama. Unaruhusiwa kukopa kama mara tatu yake. Kwa kuwa mara tatu ni zaidi ya ulicho nacho, wanachama wenzako wanatia sahihi kwamba ukishindwa, akiba zao zitakulipia. Riba huwa kama 1% ya salio kwa mwezi. Hapo hesabu inapunguza sauti, na maswali mengine yanaanza kusikika.

Mwalimu wa Runyenjes angalau ana watu wa kumwamulia. Sheria ya Ajira ya 2007 inakataza makato yasizidi theluthi mbili ya mshahara, na tangu Januari 2021 watumishi wa umma waliingizwa kwenye mfuko wa kuchangia, ambapo mtumishi hukatwa 7.5% na serikali kuongeza 15%. Adaiwe mpaka shingoni, bado anawekewa uzee, apende asipende. Mkulima hana mtu wa kumkata. Mimi pia, ninayeandika makala za watu kwa malipo ya kila kazi, hakuna anayenikata. Kuna Mbao, mpango ulioanza 2011 kwa watu wa jua kali, shilingi 20 kwa siku. Kuna Haba Haba ya NSSF, 25 kwa siku. Ni mipango mizuri, lakini hakuna anayekupigia simu ukikosa kuweka.

Hicho ndicho kiini cha tatizo, nadhani. Mama yangu ana chai kidogo juu ya Kianjokoma, upande wa Embu. Nilipoingia chuo alichukua mkopo wa sacco alipe karo. Niliacha chuo mwaka wa tatu, kwa sababu ambazo si za makala haya, lakini mkopo haukuacha. Wanawake watatu walimdhamini. Anakutana nao kwenye kituo cha kupimia chai, kanisani, matangani. Hakuna afisa wa benki anayeweza kumtia mtu aibu kama mama mwenzako anayekusalimia vizuri kupita kiasi mwezi ambao umechelewa. Deni lina uso, lina jina, linajua unapokaa. Uzee hauna hata namba ya simu.

Mwingereza Derek Parfit, katika kitabu chake Reasons and Persons cha 1984, alisema kitu ambacho mwanzoni kinaonekana kuutetea uzembe wetu: kwamba mimi wa miaka arobaini ijayo naweza kuwa mbali nami wa leo kiasi cha kufanana na mtu mwingine. Watu wengi wangeishia hapo na kusema, basi huyo mtu mwingine ajitafutie. Parfit akageuza. Kama ni mtu mwingine, basi kumuumiza si upumbavu tu wa kujidhuru mwenyewe, ni kosa unalomtendea mtu. Huna haki ya kumwachia njaa mzee ambaye hajapata nafasi ya kukujibu.

Karibu na kwetu, John Mbiti, mzaliwa wa Mulango, Kitui, aliandika mwaka 1969 kwamba kwa Mwafrika wa jadi wakati ulikuwa na zamani ndefu na sasa pana, lakini mbele hakuna kitu kikubwa: miezi kadhaa, pengine miaka miwili. Wanafalsafa wengine wa Kiafrika walimpinga, na mimi nawaunga mkono bila hata kufungua vitabu vyao. Nendeni Igembe, milima ya Nyambene. Kuna miraa inayoitwa mbaine, ya miti mikongwe iliyopandwa na watu waliokufa kitambo, na bado inachumwa na wajukuu. Aliyepanda mti kama ule hakuwa na miaka miwili kichwani. Na mti una akili ambayo akaunti haina: mwenye shida anaweza kumkodishia mfanyabiashara mavuno ya kipindi fulani, alipe deni lake, na mti ubaki umesimama.

Nisiuremberembeshe mti, lakini. Juni 2014 Uingereza ilipiga miraa marufuku, na soko la miaka mingi likafungwa kwa siku moja. Mei 2024 Mombasa, Kilifi na Taita Taveta zikaifuata njia hiyo kwa muguka wa Mbeere, kabla ya mahakama kusimamisha. Mzee aliyekuwa amestaafia juu ya matawi yale alijikuta ameshikwa shati na mwanasiasa aliye mbali naye. Ninachosema ni kwamba kuuona uzee tulijua zamani. Tulichokosa ni mtu wa kuudai kwa niaba yake.

Halafu kuna mtu wa tatu, ambaye hatajwi kabisa katika ugomvi huu wa deni na akiba. Ni mtoto.

Mama akifika 70, Inua Jamii itamlipa 2,000 kwa mwezi, pesa ambazo huja zikipenda. Kabla ya hapo na baada ya hapo, atakuja kwangu. Ibara ya 57 ya Katiba ya 2010 imeandika wazi kwamba wazee wana haki ya kupata matunzo ya kadiri kutoka kwa familia na serikali, na sote tunajua kati ya hao wawili ni nani atapigiwa simu usiku. Mkulima wa chai hata hastaafu, mgongo ndio humstaafisha, na mgongo hautoi notisi. Kwa hiyo anapokosa kuweka akiba, pengo halibaki hewani. Lina mdhamini. Tofauti ni kwamba wale wanawake watatu walisomewa fomu wakatia sahihi. Mtoto hakuulizwa.

Najua nitajibiwaje. Kumtunza mzazi si deni, ni utu, na anayehesabu shilingi za mama yake amelaaniwa. Nakubali nusu. Nitamtunza, hilo halina mjadala. Lakini wajibu ambao hakuna aliyeuandaa huangukia vibaya. Huangukia binti aliyebaki nyumbani badala ya mwana aliyeko Nairobi. Huangukia karo ya mjukuu, ambaye mama yake mdogo atakopa ili asome, na mzunguko unaanza upya kwa majina mengine. Utu usiopangwa hulipwa na aliye karibu zaidi, na mara nyingi ndiye mwenye kidogo zaidi.

Ndiyo maana siwezi kukubali kwamba deni litangulie mpaka liishe. Haliishi. Nyumba zetu haziwi na deni, zinaishi ndani ya madeni: karo yangu, kisha ya mdogo wangu, kisha mabati, kisha hospitali ya shosho. Ukimaliza mkopo wa sacco kwa bidii, zawadi yako ni kuambiwa kwamba sasa unafaa kwa mkubwa zaidi. Anayengoja siku ya kutodaiwa ndipo aanze kuweka atafika uzeeni akiwa kwenye foleni.

Msimamo wangu, kwa hiyo, ulikuwa huu, nami nilimweleza mama Oktoba, bonasi ya chai ilipoingia. Awamu ya kila mwezi isichelewe hata siku moja, kwa sababu kuna watu walitia sahihi. Lakini kinachozidi awamu kisikimbizwe chote kumaliza mkopo. Tuseme 20,000 ya bonasi: ukiizuia isilipe salio, inakugharimu kama 2,400 za riba kwa mwaka, na sehemu ya hizo inarudi kama faida ya pale ulipoiweka. Hiyo ndiyo bei ya kuwa na kitu ambacho si chai, si mgongo, si mimi. Niliona ni bei ya haki.

Nilijua pia kwamba ushauri huo haukuwa safi. Nikimwambia amalize deni, najionyesha mtoto mwadilifu, na gharama nitaikuta miaka ishirini mbele. Nikimwambia aweke akiba, najipunguzia mzigo wangu mwenyewe, huku wanawake watatu wakiendelea kusubiri. Hakuna upande ambao mimi si mwenye maslahi. Pesa ile ilinisomesha mimi.

Mama alinisikiliza mpaka mwisho, akanitajia mmoja wa wale watatu. Ana miaka 68. Chai yake ameiacha kwa mkaza mwana na anataka kujitoa sacco achukue akiba zake, kwa sababu ndizo pensheni yake, hana nyingine. Hawezi. Akiba zimeshikiliwa na sahihi yake kwenye mkopo wa mama. Wale tunaowaita wadhamini, kumbe nao ni wazee wanaojiwekea, na kila mwezi ambao mkopo wangu wa karo unaendelea kuishi ni mwezi ambao mtu wa miaka 68 anangoja uzee wake ufunguliwe.

Mgawanyo wangu wa bonasi haukuwa na nafasi ya huyo. Unawafaa wadhamini wenye muda wa kungoja. Kwa aliye na miaka 68, salio lote lingepaswa kukimbizwa, na akiba ya mama ikae chini kwanza. Na mama alikwisha kuamua hivyo kabla sijafungua mdomo. Bonasi yote ilikuwa imekwenda sacco.

Iko njia nyingine, na fomu yake ni ya ukurasa mmoja: mdhamini anaweza kubadilishwa na mwanachama mwingine mwenye akiba ya kutosha. Nilijiunga na sacco hiyohiyo mwezi wa kumi na moja. Kanuni zao zinataka miezi sita kabla sijaruhusiwa kumdhamini mtu. Sehemu ya salio iliyo juu ya huyo mama, baada ya bonasi, ni 41,000. Nimefikisha 9,000. Wateja wawili hawajanilipa, mmoja tangu Januari, na mama anasema nisiwasumbue sana, wasije wakaacha kunipa kazi.