Mtoto wa Kwenye Kikapu Alikuwa na Mama

Wapendwa washirika wote wa hapa Nakivale, nanyi ndugu zetu mlio mbali ambao jarida hili huwafikia kwa simu, somo letu ni Kutoka sura ya 2, aya ya 1 hadi ya 10, pamoja na Yakobo 1:27. Tafadhali fungua Biblia yako usome kwanza, ndipo urudi hapa.

Kama mlivyosikia kwenye matangazo, mwezi wa nane tutapata wageni. Ni familia iliyoishi hapa hapa Rubondo, baba, mama na watoto wanne, kabla hawajapelekwa Marekani. Kanisa lao la huko limewachangia nauli waje Uganda kwa safari ya utume ya wiki mbili. Katika ratiba ya kwanza waliyonitumia, siku kumi zilikuwa za makao ya watoto yatima kule Kimaka, Jinja. Siku moja Mbale. Na siku mbili hapa kwetu, kusalimia jamaa.

Habari hiyo ilipoenea, bibi mmoja mshirika wetu alinijia. Analea wajukuu wawili, watoto wa binti yake. Baba yao na mama yao walifia Kivu. Kwa desturi yetu yule mgeni anayekuja ni baba mdogo wa watoto hao, kwa kuwa baba yake na babu yao ni ndugu wa tumbo moja. Bibi akaniambia, "Baba mchungaji, si uwatafutie hawa nafasi huko Kimaka kabla wageni hawajafika? Pesa ya kanisa haiingii nyumba ya ndugu. Inaingia kwenye makao. Hapa watasalimiwa tu, huko watasaidiwa."

Wapendwa, msimcheke bibi huyu. Mwaka 2025 posho ilipunguzwa, na wengi wakaondolewa kabisa kwenye orodha ya chakula. Yeye amepiga hesabu yake, na hesabu ni sahihi. Kilichopinda ni njia ambayo msaada unapitia. Kwa hiyo nataka tuitazame njia hiyo kwa Neno la Mungu.

Kimaka iko Jinja, mahali Nile inapotoka ziwani na kuanza safari yake ndefu kupita Sudani mpaka Misri. Ni mto ule ule. Huko chini mama mmoja Mlawi alimficha mwanawe miezi mitatu, kisha akamtia katika kikapu cha manyasi kilichopakwa lami, akakiweka penye majani kando ya maji. Sasa jiweke mahali pa binti Farao. Amekuja mtoni kuoga, anaona kikapu, anafungua, mtoto analia. Hakuna baba, hakuna mama. Mtu yeyote mwenye huruma angesema, huyu ni yatima.

Lakini Musa hakuwa yatima! Baba yake Amramu na mama yake Yokebedi walikuwa hai, na dada yake alisimama si mbali, akitazama. Mtoto aliwekwa kikapuni kwa sababu ya sheria ya mfalme na hofu ya upanga. Hakuwekwa kwa kukosa kupendwa. Na binti Farao, ambaye hakuwa hata mtu wa imani yetu, alifanya jambo ambalo wakristo wengi hatujalifanya: alimsikiliza yule msichana. Akakubali mlezi wa Kiebrania aitwe, akamkabidhi mtoto, akaahidi mshahara. Hivyo mama akalipwa kumnyonyesha mtoto wake mwenyewe. Pesa za jumba la kifalme ziliingia nyumba ya ndugu. Naam, baadaye mtoto alipelekwa jumbani, sisemi hadithi yote ni nyepesi. Ila miaka ile ya kwanza, aliyojifunza ndani yake yeye ni nani, aliipata kwa mama yake.

Sasa twende kwa Yakobo. Anatuambia kwamba dini iliyo safi mbele za Mungu ni kuwaendea yatima na wajane katika taabu yao. Katika chuo cha Biblia tulifundishwa kwamba neno la Kigiriki hapo ni episkeptomai. Ni zaidi ya kupiga hodi na kupiga picha. Ni kwenda kuangalia hali ya mtu na kuichukua kuwa kazi yako. Ukoo wake mmoja ni neno episkopos, ambalo kwetu ni askofu, mwangalizi. Neno hilo hilo liko Matendo 7:23, Musa alipofikia miaka arobaini na moyo wake ukamtuma kuwaangalia ndugu zake. Yeye aliyelelewa kwa utajiri wa ugenini akarudi kwa nani? Kwa ndugu zake, waliokuwa wakifinyanga matofali. Na tazameni, Yakobo anataja yatima na wajane pamoja, kwa pumzi moja. Sisi tumewatenganisha: yatima tunampeleka kwenye jengo, mjane tunamwacha mlangoni.

Jinja ina makao mengi ya watoto, na wageni wengi wa kanisa hufika huko kila mwaka. Wengine wametumika vizuri kwa machozi na jasho. Lakini lazima tuseme pia yaliyotokea. Kule Masese, Jinja hiyo hiyo, mmishenari kijana kutoka Marekani asiye na elimu ya udaktari alifungua kituo cha watoto wenye utapiamlo. Zaidi ya watoto mia moja walifia katika kituo hicho kati ya mwaka 2010 na 2015, ndipo serikali ya wilaya ikakifunga. Mwaka 2019 akina mama wawili walikwenda Mahakama Kuu ya Jinja, na mwaka 2020 pande zote zilipatana kwa malipo, bila yeye kukubali kosa. Sihukumu moyo wa mtu. Lakini oneni: waliosimama mbele ya mahakama walikuwa mama wa watoto. Walikuwapo siku zote, kama Yokebedi.

Na mwezi Agosti 2020 serikali ya Marekani iliwawekea vikwazo majaji wawili wa Uganda, pamoja na wakili na mshirika wake, kwa biashara ya kuasilisha watoto. Wazazi wa vijijini walikuwa wakiambiwa kwamba watoto wao wanapelekwa Kampala kusoma. Kumbe wanakwenda kutolewa kama yatima kwa familia za ng'ambo, nazo zikiamini zinamtii Yakobo! Sheria ya Watoto ilikuwa imeshabadilishwa mwaka 2016: mgeni anayetaka kuasili lazima kwanza akae Uganda na kumlea mtoto huyo kwa mwaka mmoja, na uangalizi wa kisheria ukabaki kwa raia. Serikali ilikuwa imeona kikapu kinachukuliwa bila mtu kumuuliza dada aliyesimama kando.

Hapa niseme na sisi wenyewe. Katika hesabu za UNICEF, mtoto aliyefiwa na mzazi mmoja tu huitwa yatima. Ni neno la takwimu, halina ubaya. Lakini wakati fulani mtu akisikia wageni wanakuja, humwandikisha mtoto kuwa hana baba wala mama, na baba yuko Kampala anasukuma mkokoteni. Ndugu zangu, tusimuue baba kwa kalamu. Mtoto anasikia tunaposoma orodha ile.

Je, makao yote yafungwe? La. Wako watoto ambao kweli hawana mtu, hasa sisi watu wa vita tunajua, na nyumba yenye mlezi mwema ni rehema kwao. Lakini Esta, yatima wa baba na mama, alilelewa na nani? Na Mordekai, jamaa yake, mtu wa ukoo uliochukuliwa mateka kutoka Yerusalemu. Mkimbizi alimlea yatima. Na kule Mbale, katika hospitali ya CURE ambako watoto wenye vichwa vikubwa vya maji hupasuliwa, mtoto huja na mama, na mama hukaa kando ya kitanda. Hakuna anayemwambia mama aondoke ili mtoto apone. Nimewaomba wageni wasiifute ile siku ya Mbale.

Niliwaandikia wageni haya yote. Yule baba hakupendezwa mwanzoni. Alinijibu kwamba watu walitoa pesa kwa ajili ya yatima, naye akizileta kwa jamaa zake ataonekana mwizi. Hoja yake si ndogo, na heri mtu anayeogopa jina hilo. Nikamwambia asifiche, alipeleke jambo mbele ya wazee wa kanisa lake. Wazee walinipigia simu, wakauliza maswali makali kuhusu risiti, na kweli walistahili kuuliza. Mwishowe wamekubali siku nne ziwe Kimaka na siku saba hapa. Pesa za Kimaka zitawafuata watoto waliokwisha kurudishwa kwa shangazi na bibi zao, kazi ambayo makao hayo yenyewe yameianza. Za hapa zitapitia kamati ya walezi, si mfukoni mwa mchungaji. Bibi yetu atalipiwa ada ya muhula wa tatu kwa wote wawili, na mbuzi wawili wa kufuga. Kwa mwaka ujao hakuna aliyeahidi kitu, na bibi ameambiwa hivyo wazi. Wala wageni hawana njia ya kumchukua mtu kwenda Marekani, hasa tangu mpango ule uliposimamishwa Januari 2025. Tafadhali msiwape barua.

Jumapili ijayo baada ya ibada, walezi wote wa watoto wasio wao wa kuzaa wabaki kanisani. Mje na ripoti ya shule ya mtoto na jina la kila jamaa yake aliye hai, popote alipo. Watoto hawatafundishwa wimbo wa kuombea msaada. Watakuwa shuleni kama siku nyingine. Kina mama wa kwaya watapanga nyumba za kulala wageni, na wale wanne watalala kwa bibi, pamoja na ndugu zao. Anayeweza kuazima mkeka au neti amwone shemasi wa zamu.