Kimya cha Masafa

Akaaye Kihonda, mjini Morogoro, huiona safu ya Uluguru ikisimama mbele yake, yenye vilele vipitavyo mita 2,600. Katika milima hiyo Waluguru walikuwa na desturi iwafaayo hata wahandisi wa leo. Ardhi ilikuwa ya ukoo. Lakini mgeni mwenye haja aliweza kuazimwa shamba lililolala. Alitoa ngoto, malipo madogo ya kukiri kwamba ardhi ina wenyewe, akapanda mazao ya msimu. Kupanda miti ya kudumu hakuruhusiwa, maana mti ni dai.

Masafa ya redio nayo yana wenyewe. Nchini Tanzania, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 huyaweka chini ya leseni. Walakini wenye leseni hawayatumii yote kila saa na kila mahali. Mwaka 1999 Joseph Mitola alieleza wazo la redio yenye utambuzi. Na wazo hilo likazaa chombo kisikilizacho anga, kikikuta masafa matupu huyatumia, na mwenyewe arudipo huondoka. Mwaka 2013 nafasi zilizoachwa wazi na televisheni zilijaribiwa Nanyuki, Kenya, kupeleka intaneti vijijini. Mwaka huo huo ukatangazwa mpango kama huo kwa wanafunzi wa vyuo vya Dar es Salaam.

Je, kutumia kisichotumiwa ni wizi? Wengi hujibu upesi: mwenye leseni hapungukiwi na kitu, na mwanafunzi apata kusoma. Jibu hilo ni jema, ila limemsahau mtu mmoja.

Chukuliwe mfano wa chombo kilichowekwa chini, ndani ya nyumba ya Kihonda. Bega la mlima limekikinga na kituo cha mbali. Chasikiliza, chakuta kimya, chaanza kutangaza. Jirani aliyeinua antena yake juu ya paa alikuwa akikipata kituo kile kwa shida. Sasa hakipati kabisa. Hakuwa na leseni, wala mapatano hayakumtaja. Na kwa kuwa apokeaye hatangazi angani, chombo kile hakikuweza kumsikia. Kimya kilichodhaniwa ni utupu kilikuwa na mtu ndani yake.

Marekani iliuonea shaka usikilizaji wa namna hii: mwaka 2010 iliacha kuvilazimisha vyombo kusikiliza, ikavitegemeza kwenye daftari la kumbukumbu lionyeshalo masafa yaliyo wazi mahali hapo. Hiyo ni hatua ya busara. Mwazimaji shamba naye hakuamini macho yake. Aliwauliza wazee wa ukoo. Lakini daftari huandika mitambo ya kurushia na mipaka iliyopigiwa hesabu. Antena ya jirani, nje kidogo ya mpaka ule, haimo. Naye, picha ikimpotea, hatajua amshitaki nani. Atapanda juu ya paa, aigeuze antena kuelekea mlimani, na kudhani ni mvua.