Haki ya Fukara Kubakiza Sura Yake

Je, kubakia kwa sura ya mtu baada ya kufa kwake ni anasa ya mwenye mali, au ni stahiki ya kila mwanadamu? Katika Keroka, mji ulio mpakani mwa Kisii na Nyamira, swali hili huja pamoja na msiba, pale jamaa wa marehemu fukara watafutapo picha ya kuweka katika karatasi ya ratiba ya mazishi, wasipate ila ile ndogo ya kitambulisho, ambayo fundi wa studio huikuza hata uso ukavurugika na macho yasijulikane yatazama wapi. Mtu aliyelea wana na kuchuma chai umri wake wote, huagwa kwa picha iliyopigwa kwa haja ya serikali.

Kampuni ya Kodak ilipoitoa kamera ya Brownie mwaka 1900 kwa dola 1, bei ile ilikuwa rahisi kwa kipimo cha kibarua wa Marekani. Bei haina udogo wala ukubwa ila kwa kipimo cha mfuko wa mnunuzi. Na soko, maadamu husikia fedha wala halisikii haja, limezidi kujitenga: viwanda vikubwa vya kamera, vilivyouza kamera zaidi ya milioni 120 mwaka 2010, viliuza kama milioni 8 tu mwaka 2021, vikaelekea kwa wenye nacho na kamera za bei ghali, wengine wakaachiwa simu.

Atasema msemaji kwamba simu imetusawazisha. La, dhulma imehama tu, kutoka katika kupiga picha hadi katika kuitunza. Simu ya lipa mdogo mdogo hufungwa mwenyewe asipolipa, na picha zake zikafungiwa humo. Nafasi ya simu ikijaa, fukara hufuta picha ya jana apate kupiga ya leo, ilhali tajiri ana nakala mahali pengi.

Ikiwa twasadiki, kama wafundishavyo Wasabato na Wakatoliki wa Gusii, kwamba Mungu alimuumba mtu kwa mfano wake, basi hatuna hoja ya kuona sura moja yafaa kuhifadhiwa na nyingine kupotea. Insafu haidai kila mtu awe na kamera sawa; yadai kila mzee apate picha moja njema, iliyosafishwa katika karatasi, akiwa amevaa na kuketi apendavyo mwenyewe. Sisi ambao hatuchoki kufanya harambee ya jeneza, na tuchange na hiyo picha, mzee angali hai.