AMANA YA MWITU NA PWANI

Bismillahi Rrahmani Rrahim.

Kila sifa njema ni ya Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza ardhi akaiotesha mimea kwa kipimo. Na rehema na amani zimfikilie Mtume Muhammad, na jamaa zake na sahaba zake.

Ama baada ya hayo. Limeenea katika vijiji vya mwambao jambo ambalo wengi hudhani ni biashara tu, nalo ni dhulma. Huja mtu na fedha, akataka mwitu wa kijiji, au mikoko, au uwanja wa ufukoni. Wazee wachache hukaa barazani, wakatia saini, wakagawana. Ukuta ukapanda hatta ukingoni mwa maji. Mvuvi akakosa pa kuanika nyavu, mjane akakosa pa kuokota kuni. Basi na aulizwe aliyeuza: umeuza mali ya nani?

Sharia haikunyamaza. Mtume (s.a.w.) amefundisha kuwa watu ni washirika katika maji, malisho na moto. Madina aliiharimisha, miti yake isikatwe. Na bonde la Naqii alilifanya hima, yaani malisho yaliyohifadhiwa kwa maslaha ya Waislamu. Sayyidna Umar naye alipoweka hima, alimwamuru msimamizi wake awaruhusu wenye ngamia na kondoo wachache, na awazuie wanyama wa Abdurrahman bin Auf na Uthman bin Affan. Hao ni masahaba watukufu, lakini mali yao ikiangamia wana mitende na mashamba ya kurejea. Maskini hana kitu. Hiyo ndiyo mizani ya Uislamu. Leo imepinduliwa: mwitu hufungwa kwa maskini, ukafunguliwa kwa tajiri.

Na wazingatie Waislamu khabari ya Misali, kisiwa kidogo magharibi ya Chake Chake, Pemba. Wenyeji husimulia kuwa Nabii Khidhri alitaka msala, wakawa hawana, akakifanya kisiwa chenyewe msala wake. Hekaya si hoja ya sharia. Lakini hutambulisha heshima waliyoiweka wazee mahali pale. Katika miaka ya 1990 palikuwa na azma ya kujenga hoteli kisiwani. Wavuvi wanaopiga dago huko walipinga, na mwaka 1998 Misali ikatangazwa kuwa hifadhi. Hawakuwa matajiri wala wanavyuoni wakubwa. Illa walijua haki yao, wakasema kwa umoja.

Atasema mtu: majengo huleta kazi. Ndiyo, na kujenga si haramu. Lakini kanuni ya dini ni kuwa haifai kudhuru wala kulipana madhara. Mikoko ikikatwa, bahari hula ufuko, na kamba na samaki wadogo hukosa malezi. Visima vya ardhi ya mawe vikivutwa kupita kiasi, maji ya chumvi huingia. Mshahara wa watu kumi hauwi fidia ya kisima cha kijiji kizima.

Basi yapasa kila mzee, kabla hajatia saini, awakusanye watu wote msikitini, maskini wao kabla ya matajiri. Yapasa ardhi ya wakfu iachwe kwa wakfu. Na wala hifadhi ya karatasi isiwalaze watu: karatasi huandikwa, na karatasi hufutwa, amana hailindwi illa na walio macho.

Fedha ya kiwanja huliwa kwa mwaka mmoja. Swali lake litangoja mpaka siku ya Kiyama.

Wallahu aalam.